Uzi: Mwanafunzi anayekwama mlangoni mwa kozi ya mtandaoni, tumsaidieje wiki ya kwanza?

Mleta mada

Habari za wakati huu, wadau wa elimu.

Ninafundisha katika chuo kimoja cha mkoani ambacho kozi zake nyingi sasa zinaendeshwa kwenye mfumo wa Moodle, yaani programu ya kuendeshea kozi mtandaoni, na kwa mihula kadhaa nimekuwa nikiwapokea wanafunzi wapya wanaoshindwa kuingia. Naandika uzi huu kwa walimu, wahadhiri na wasimamizi wa vituo kwa sababu kila muhula naliona jambo lile lile: mwanafunzi hodari anahesabiwa kuwa mzembe kufikia wiki ya tatu, ilhali hajawahi kuingia ndani ya kozi hata mara moja, na aliona haya kusema. Hoja yangu ni kwamba kuingia, kufungua somo, kuwasilisha kazi na kupokea majibu ndilo somo la kwanza la kozi yoyote ya mtandaoni, kwa hiyo ni wajibu wa mwalimu wa kozi kulifundisha, na kila mwanafunzi alikamilishe kwa zoezi dogo lisilo na alama kabla mada ya kwanza haijaanza.

Nianze na baruapepe, maana hapo ndipo wengi wanapopotelea. Kijana wa kidato cha sita anapoomba chuo, na baadaye anapoomba mkopo Bodi ya Mikopo, mara nyingi huenda steshenari. Mhudumu wa steshenari humfungulia baruapepe, humtungia nywila, hujaza fomu zote na kumkabidhi karatasi iliyochapishwa. Kazi hiyo hufanywa kwa nia njema na kwa haraka, kwa kuwa foleni ni ndefu, lakini kijana anaondoka akiwa na anwani asiyoweza kuifungua. Miezi michache baadaye chuo kinatuma jina la kuingilia na nywila ya muda kwenye anwani hiyo hiyo. Mwanafunzi anasubiri ujumbe ambao umeshafika mahali asipoweza kuuona, na akibonyeza sehemu ya kusahau nywila, mfumo unatuma kiungo kipya huko huko. Nimewahi kukaa na mwanafunzi aliyezunguka hivyo kwa siku kumi na moja. Tangu wakati huo swali langu la kwanza kwa anayelalamika kwamba mfumo unamkataa ni hili: "Nifungulie baruapepe yako hapa mbele yangu." Asipoweza, sigusi kwanza mfumo wa kozi, tunaanza kwa kupata baruapepe anayoimiliki mwenyewe, iliyounganishwa na laini yake ya simu, kisha tunaomba anwani ibadilishwe kwenye kumbukumbu za chuo.

Jina la kuingilia nalo lina mitego yake. Moodle, ikiachwa ilivyo, hupokea majina ya kuingilia yenye herufi ndogo tu, wala haikubali mkwaju (/). Namba za usajili za vyuo vyetu vingi zina herufi kubwa na mikwaju, kwa hiyo wasimamizi wa mfumo hulazimika kuzigeuza, mathalani kwa kuweka kistari (-) badala ya mkwaju. Mwanafunzi anaandika namba yake kama ilivyo kwenye kitambulisho, na mfumo unamjibu kwamba taarifa si sahihi, bila kumweleza kosa liko kwenye jina au kwenye nywila. Simu nayo inaweza kuongeza lake kwenye nywila: kibodi ikigeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa, au nafasi tupu ikiachwa mwishoni bila mtu kuiona, nywila inakataliwa. Mfundishe mwanafunzi kubonyeza alama ya jicho ili aione nywila anayoiandika, na umwonyeshe hasa, kwa mfano ulioandikwa, jinsi namba yake ya usajili inavyogeuka kuwa jina la kuingilia.

Hapa niseme neno kuhusu Moodle yenyewe. Ilianzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, na toleo lake la 1.0 lilitoka Agosti 2002. Ni programu huria, maana yake chuo kinaweza kuiweka kwenye seva yake bila kulipia leseni na kuipanga kinavyotaka. Hiyo ni neema kubwa kwa vyuo vyenye bajeti ndogo. Ila kwa mwanafunzi mgeni ina athari moja: video ya maelekezo anayoikuta YouTube, iliyorekodiwa na chuo kingine, inaweza kuonyesha vitufe vilivyo mahali tofauti kabisa na anavyoviona yeye. Kwa hiyo maelekezo lazima yatoke kwetu, yakiwa na picha za skrini za mfumo wetu, na picha hizo zipigwe kwenye simu, kwa kuwa wanafunzi wengi ninaowapokea hawana kompyuta.

Sasa suala la saa, ambalo sijaliona likiandikwa katika mwongozo wowote wa chuo niliowahi kushika. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo, na mfumo unahesabu kuanzia usiku wa manane. Mwanafunzi akisoma kwamba zoezi linafungwa 6:00 PM, wapo wanaoelewa kuwa ni saa sita usiku, kumbe ni saa kumi na mbili jioni. Mwaka mmoja wanafunzi wanne wa darasa langu walikuja na kazi nzuri sana saa tano usiku, wakakuta mlango umefungwa tangu jioni, na kosa lilikuwa langu kwa kutowaeleza. Mbaya zaidi ni 12:00 AM ya Ijumaa. Mwanafunzi anadhani ana Ijumaa nzima ya kufanya kazi, wakati saa hiyo ni sita usiku ya kuamkia Ijumaa, na Alhamisi jioni ndiyo nafasi yake ya mwisho. Siku hizi kila tarehe ya mwisho naiweka saa 5:59 usiku, ambayo mfumo huiandika 11:59 PM, halafu chini yake naandika kwa Kiswahili siku na saa kamili. Wanaosoma kozi za nje ya nchi waangalie pia saa za eneo: 23:59 kwa saa za kimataifa za UTC ni saa 8:59 usiku wa kuamkia siku inayofuata kwetu Afrika Mashariki.

Jambo la mwisho katika orodha yangu ya vikwazo ni kuwasilisha. Mwanafunzi anapakia faili, analiona jina lake kwenye skrini, anafurahi, anafunga simu. Hajabonyeza kuhifadhi. Au amehifadhi, lakini mwalimu amepanga zoezi hilo lihitaji uthibitisho wa mwisho, kwa hiyo kazi inabaki kuwa rasimu. Kwa mwanafunzi kazi imekwenda; kwa mwalimu anayeangalia orodha, haijafika. Ugomvi mwingi wa alama nilioushuhudia umeanzia hapa, na pande zote mbili zilikuwa zikisema ukweli.

Kwa sababu hizi zote, wiki ya kwanza natoa zoezi moja tu. Mwanafunzi aandike kwa mkono, kwenye karatasi, sentensi mbili au tatu: anasomea wapi, anatumia kifaa gani, na intaneti anaipata kwa njia gani. Kisha aipige picha karatasi hiyo, aigeuze kuwa PDF, aipakie, athibitishe, na apige picha ya skrini inayoonyesha kwamba imewasilishwa. Mimi nami, ndani ya siku mbili, namjibu kila mmoja kwa sentensi moja humo humo ndani ya mfumo, naye anatakiwa alitafute jibu langu alisome. Kufikia hapo amepita njia nzima, kwenda na kurudi. Nami nimejua nani anasoma kwa simu ya kuazima, nani yuko kijijini ambako mtandao unapatikana juu ya kilima tu, na nani anafanya kazi za zamu. Taarifa hizo hubadilisha namna ninavyopanga muhula mzima.

Naomba uzoefu wenu.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa uzi huu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwetu suala hili limekuja kupitia MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo moduli zinapatikana kwenye mfumo wa Taasisi ya Elimu Tanzania na tunakutana kuzijadili katika jumuiya ya kujifunza ya shule. Tunatumia vishikwambi vile vilivyofanya kazi ya Sensa ya 2022 kisha vikakabidhiwa kwa walimu.

Ninalotaka kuongeza ni hili. Katika kikao chetu cha kwanza, kijana mmoja mwenye ujuzi alishika kishikwambi akatuonyesha kila kitu, nasi tukatikisa vichwa kwamba tumeelewa. Wiki iliyofuata alikuwa safarini, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kufungua moduli. Baada ya hapo mwalimu mkuu wetu aliweka utaratibu kwamba anayejua haruhusiwi kugusa kifaa. Anaelekeza kwa mdomo tu, na anayejifunza ndiye anayebonyeza, hata akichukua dakika ishirini kwa jambo la dakika mbili. Wazee wetu wawili, ambao mmoja amebakiza mwaka mmoja kustaafu, sasa wanaingia wenyewe na wanawasaidia walimu wapya.

Mleta mada

Mwalimu, utaratibu huo wa mwalimu mkuu wenu nitauchukua kama ulivyo. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nimekuwa nikiichukua simu ya mwanafunzi mkononi mwake ili foleni isogee, kumbe nafanya alichofanya mhudumu wa steshenari niliyemweleza hapo juu.

Mchangiaji wa pili

Naomba nitofautiane kidogo, kwa heshima. Hawa ni watu wazima walioomba chuo kwa hiari yao. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayetumia simu kutwa nzima kutuma picha na video anashindwaje kupakia faili moja? Nahofia kwamba tukimshika mkono kila hatua hatajifunza kujitegemea, na mhadhiri mwenye wanafunzi mia nne hawezi kumjibu kila mmoja ndani ya siku mbili.

Mleta mada

Ndugu yangu, hoja yako ya wingi wa wanafunzi ni ya kweli na nitaijibu kwanza. Darasa langu kubwa ni la wanafunzi mia moja na arobaini. Nilichofanya ni kuwagawa katika makundi ya watu kumi, kila kundi likiwa na kiongozi aliyekamilisha zoezi siku mbili kabla ya wengine, na viongozi hao ndio wanaojibu kwanza maswali ya waliokwama, ili mimi nipate nafasi ya kumwandikia kila mmoja sentensi yake. Kati ya waliokwama, mimi hubaki na wale ambao viongozi wao wameshindwa kuwavusha, na hawajawahi kuzidi ishirini. Kwa mia nne ningefanya vivyo hivyo, na ningemwomba mkuu wa idara anipatie msaidizi kwa wiki hiyo moja.

Kuhusu kujitegemea, nadhani tunachanganya mazoea ya aina mbili. Kutuma picha WhatsApp ni kitendo cha kubonyeza mara moja, ambacho ukikosea unafuta na kutuma tena, na mwenzako anakuambia papo hapo kama haikufika. Mfumo wa kozi una jina la kuingilia, nywila, tarehe ya mwisho, aina ya faili inayokubalika, ukubwa wa mwisho wa faili na uthibitisho, na kosa jingine, kama la kuacha kuthibitisha, unaweza usilijue mpaka siku ya matokeo. Picha tatu za simu za kisasa peke yake zinaweza kuzidi ukubwa unaoruhusiwa. Mwanafunzi anayezipunguza kwa kuzipitisha WhatsApp kama picha za kawaida anaishia na maandishi yaliyofifia yasiyosomeka. Ukimwonyesha mara moja kwamba programu ya Google Drive kwenye simu za Android ina sehemu ya kupiga picha karatasi na kuzikusanya kuwa PDF moja, hatakuuliza tena miaka yake yote mitatu. Huyo amejitegemea, na imemgharimu mwalimu dakika kumi.

Mchangiaji wa tatu

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, mama wa watoto wawili, nasoma huku nikifanya kazi. Nimesoma uzi huu wote nikajiona humo. Mwaka wa kwanza niliogopa jaribio la mtandaoni kuliko mtihani wa darasani, kwa sababu kwetu umeme ukikatika mnara wa simu nao huzima baada ya muda. Jaribio la dakika arobaini lilinikatikia katikati, nikafunga simu nikalia, nikajua nimefeli. Baadaye nikaambiwa na mwenzangu kwamba ningeweza kurudi na kuendelea. Kwa nini hatuambiwi mambo haya mapema? Na kuhusu bando, kuna namna ya kusoma bila kuwa hewani muda wote?

Mleta mada

Marahaba dada, na pole sana kwa yaliyokupata. Ulipaswa kuambiwa kabla, na nakushukuru kwa kuyasema hapa ili walimu wayasome.

Kwa Moodle, majibu ya jaribio hujihifadhi yenyewe kila baada ya muda mfupi, kwa kawaida dakika moja, alimradi mtandao upo. Mtandao ukikatika usiufunge ukurasa. Subiri, na ukirudi utaendelea ulipoachia. Hata simu ikizima kabisa, unaweza kuingia kwa simu nyingine na kulikuta jaribio lile lile likiwa na majibu yaliyokwisha hifadhiwa, ila ujue kwamba saa ya jaribio haisimami kukusubiri. Muda wako ukiisha ukiwa gizani, andika ujumbe kwa mwalimu siku hiyo hiyo. Mfumo unamwezesha mwalimu kumwongezea muda mwanafunzi mmoja bila kuwafungulia wengine, na walimu wanaosoma hapa naomba wajue kwamba wana uwezo huo, kwa sababu nimekutana na wenzangu waliokataa wakiamini haiwezekani. Mimi kabla ya jaribio la kwanza huweka jaribio la majaribio lenye maswali matatu, na nawaagiza wanafunzi wazime data kwa makusudi katikati ya swali la pili, kisha waiwashe. Hofu nyingi huishia hapo.

Kuhusu bando, ipo programu ya simu ya Moodle ambayo, iwapo chuo chako kimeiruhusu, hupakua mada nzima ukiwa mahali penye intaneti ya bure, kama maktaba ya chuo, kisha unaisoma nyumbani bila data. Unaweza hata kuandika mchango wako kwenye majadiliano ukiwa nje ya mtandao, nao utakwenda ukiunganishwa. Walimu nao wana sehemu yao: somo la video la saa nzima linakula bando la wiki, na sauti peke yake yenye maelezo yale yale pamoja na kurasa chache za maandishi inatosha katika masomo mengi. Mimi video naiweka pale tu ambapo mwanafunzi lazima aone kitendo kikifanyika.

Mchangiaji wa nne

Natoka kitengo cha TEHAMA cha chuo fulani, na nakubaliana na mleta mada kwamba sisi peke yetu hatuwezi. Wiki ya kwanza tunapokea simu ambazo nusu yake hazihusu mfumo kabisa; mwanafunzi ameingia vizuri ila haoni kozi yake, kwa sababu mwalimu hajaifungua au hajatoa neno la kujiandikisha. Ombi langu kwa walimu ni dogo: kabla hamjawatangazia wanafunzi, ombeni akaunti ya mwanafunzi ya majaribio, muingie nayo kwa simu, kwa data ya kawaida, nje ya ofisi. Mtayaona mengi.

Pia tuwakumbuke wanafunzi wasioona. Programu ya kusoma skrini kwa sauti kama NVDA, ambayo ni ya bure kwenye kompyuta za Windows, inasoma maandishi, lakini picha ya maandishi haiisomi moja kwa moja, na hata zana yake ya kutambua maandishi kwenye picha si ya kutegemewa kwa mwandiko wa mkono. Mwalimu anayepiga picha daftari lake la zamani na kulipakia kama PDF ni kama amempa mwanafunzi huyo karatasi tupu.

Mleta mada

Hilo la kuingia kama mwanafunzi nalifanya, na hilo la picha za daftari sikuwa nimelifikiria; nina kozi moja ambayo mihadhara yake ya kwanza niliipakia hivyo hivyo, na nitaichapa upya kabla ya muhula ujao.

Wadau watatu wamenitumia ujumbe wakiomba maelezo ninayowapa wanafunzi siku ya kwanza. Nayaweka hapa kama yalivyo, na yeyote anaruhusiwa kuyabadilisha yamfae. Huwa nayasambaza kwa njia tatu: ujumbe mfupi wa simu kwa sehemu ya kwanza tu, kundi la WhatsApp la darasa, na karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo, kwa sababu anayeshindwa kuingia kwenye mfumo hawezi kusoma maelekezo yaliyowekwa ndani ya mfumo.

*"Mpendwa mwanafunzi, karibu. Wiki hii hakuna somo jingine ila hili. Kwanza, fungua baruapepe uliyojisajili nayo chuoni. Ukishindwa kuifungua, usiendelee, njoo ofisini au mpigie kiongozi wa kundi lako leo. Pili, tafuta ujumbe wenye jina lako la kuingilia, na ukumbuke kwamba herufi zote ni ndogo na palipo na mkwaju pamewekwa kistari. Tatu, utatakiwa kubadilisha nywila: iwe na herufi nane au zaidi, zikiwemo kubwa na ndogo, tarakimu na alama moja kama # au !. Itunge mwenyewe, iandike kwenye daftari lako unalolihifadhi nyumbani, na usimpe mtu yeyote, hata kiongozi wa kundi, hata mimi. Nne, fungua kozi yetu, tafuta zoezi linaloitwa Karatasi Yangu ya Kwanza, ulifanye na uliwasilishe kabla ya Jumapili saa 5:59 usiku, yaani usiku wa Jumapili kabla Jumatatu haijaingia. Halina alama. Usifunge simu mpaka uone maneno yanayothibitisha kwamba kazi imewasilishwa, na uipige picha skrini hiyo. Jumanne jioni rudi kwenye zoezi hilo usome nilichokujibu. Ukikwama mahali popote, piga picha ya skrini ilivyo na uitume pamoja na namba yako ya usajili kwa kiongozi wa kundi, hata kama ni saa nne usiku. Akishindwa yeye, nitakutafuta mimi."*